Ua la Mama na Chupa Iliyosainiwa

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1966, mtoto wa pili wa mshona viatu na muuza maua, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Kaka yake, anayeyasoma haya, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule ya msingi. Mvivu wa kutembea alikuwa, siyo wa kusoma.

Alihitimu chuo cha kilimo mwaka 1989, akaajiriwa na maabara ya kuotesha miche ndani ya chupa, akadumu hapo hadi mwisho. Mwaka 1992 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mama wa marehemu na kaka yake, yule muuza maua, alifariki mwaka 2021, akaacha ua moja la chungu lenye majani ya ukingo mweupe. Likaanza kuoza. Marehemu akalipeleka maabara, akarudi na mche wa kijani kitupu.

"Hili si la mama," kaka akasema. "Limekufia, ukanunua jingine."

"Kaka, la mama lilichanganya seli za aina mbili, za kijani na nyeupe. Nimeotesha moja tu, ya kijani. Seli moja inatosha kutoa mmea mzima."

"Seli moja! Kamdanganye mwingine."

"Basi njoo usimamie mwenyewe."

Kaka akaenda. Akaonyeshwa seli kwenye hadubini, ikafungiwa chupani, naye akabandika karatasi yenye sahihi yake juu ya kifuniko. Kila Jumamosi aliikagua sahihi hiyo kwa miwani miwili. Mche ulipohamishiwa chupa nyingine, alisimama hapohapo na kusaini upya. Akaona seli ikikua kuwa kidonge cha kijani, kikatoa mizizi, kikatoa majani. Ya kijani, kweli. Lakini mbona mche hautolewi chupani?

"Bado mchanga," marehemu alijibu, akigeuza uso.

Kaka akajua kuna jambo linafichwa.

Mwezi Mei 2023 ini lilianza kumsumbua marehemu. Hospitalini alimuuliza kaka, "Umeshaniamini?"

"Nusu."

Alicheka mpaka nesi akaja kutazama. Alifariki tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi.

Juzi wenzake wa maabara walileta daftari lake la kazi. Kaka alilipekua akitafuta ule udanganyifu, akaukuta, tarehe 14 Januari 2023: "Mche uko tayari kwa udongo tangu wiki iliyopita. Nauacha chupani. Ukitoka, kaka hatakuja tena Jumamosi."

Ameacha mume, mabinti wawili, na kaka mmoja ambaye angekuja hata bila mche.

Mungu ampe pumziko jema.