Kunazi za Awil

Mvua za El Niño zilipokatika, Awil alibaki mifupa na koti. Malaria ilikuwa imemwachia, lakini chakula kilimkataa. Hata maziwa ya ngamia aliyageuzia uso. Mkewe, Rukiyo, akaenda kando ya mto Tana, akaokota kunazi, akazikausha. Nyanyake alikuwa akizitengeneza dawa ya nguvu, ila Rukiyo namna yake alishaisahau. "Kaulize wazee wa benchi," alisema. Awil akajikokota hadi benchi la kahawa karibu na soko la mbuzi, Garissa, akafungua kitambaa cha kunazi mapajani.

— Hii nachemsha, alisema Kulow, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Dawa ya moto ni moto. Homa ni moto, basi chemsha mpaka maji iishe.

— Maji ikiisha atakunywa sufuria? alidakia Sakariye, jina la benchi Gia, dereva wa lori mstaafu. Hii nasaga, natia kwa samli. Mimi nilikunywa nikiwa Liboi, nikaendesha mpaka Takaba bila kulala, walahi.

— Lori ndio halikulala, alisema Kulow. Wewe ulilala.

Duale akaweka kikombe chini. Aliwahi kupika chai kwenye ofisi ya serikali, wakamwita Wizara.

— Nyinyi hamjui kitu. Mvumilivu hula mbivu. Zika kwa mchanga, ngamia alale juu mpaka mwezi uandame.

— Na ngamia akikojoa? aliuliza Gia.

— Hiyo sasa ndio dawa.

Awil alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu augue hakuwa amecheka. Wenzake wakazidi kubishana, naye akawa anasikiliza, anatafuna, anatema kokwa.

Rukiyo akatokea, akawaamkia.

— Mmekubaliana? Inatengenezwa vipi?

Wote wakasema kwa pamoja. Akawangoja wamalize.

— Sawa. Kunazi ziko wapi?

Awil akatazama mapajani: kitambaa kitupu. Miguuni kwake kokwa zimetapakaa. Aibu ikamshika, na chini ya aibu, tumbo likanguruma.

— Rukiyo, alisema taratibu. Nyumbani kuna chakula?

Mkewe alimkazia macho, kama aliyesikia vibaya.

— Kuna wali wa jana.

— Nipashie.

Akashika benchi, akasimama. Kulow akanyoosha mkono kumsaidia, Awil akaukataa.

— Si nilisema haichemshwi? alianza Gia.

Rukiyo alikuwa ametangulia, karibu akimbie, asije mumewe akabadili nia.