Mto wa Mzee Pazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioamka mapema, asifiwe na wale ninaowaona wakisinzia benchi la nyuma. Sitawataja. Mimi ni mtu wa mwisho duniani kumcheka anayesinzia.

Naitwa Zakaria, fundi wa mito na magodoro hapa Sofu. Mwalimu wetu wa shule ya usiku aliniambia, "Zakaria, ushuhuda wako uandike kwanza, ndipo uusome. Ukisema kwa mdomo mtupu utazidisha." Basi nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na cheti cha kujua kusoma na kuandika ninacho. Nimezidisha kidogo, kwa sababu kalamu nayo ina mdomo. Lakini mahali pa dhambi yangu sikuzidisha, na mahali pa rehema ya Mungu hakuna awezaye kuzidisha.

Kazi yangu wengi mnaijua. Maganda ya msufi yakipasuka, watu wanaokota sufi, wanaijaza guniani, wananiletea. Mimi naitandaza juani, naifunika shuka isipeperuke, naichapa kwa fimbo mpaka mbegu zianguke chini. Kisha naishindilia kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani na kushona mdomo. Na desturi yetu ni moja: mwenye sufi haondoki. Anakaa kigodani mbele ya fundi tangu gunia linapofunguliwa mpaka mshono wa mwisho. Hata mama mkwe wangu hukaa, tena hukaa karibu kuliko wote. Si matusi. Mafundi wa mito tunajulikana: gunia linaingia limenenepa, mto unatoka umekonda.

Sasa, mwaka fulani mwishoni mwa kiangazi, alikuja Bi Mwajuma kutoka Kibuta, huko Kisarawe. Bi Mwajuma ni Mwislamu, alikuwa jirani wa marehemu mama yangu. Mama aliponizaa aliugua miezi mingi, na mgongo ulionibeba ulikuwa wa Bi Mwajuma. Alikuja na gunia la sufi ya msufi wake mwenyewe, aliyoikusanya misimu mitatu, akaichambua mbegu moja moja kwa vidole. Sufi nyeupe! Ndugu zangu, ukiitazama unapepesa macho. Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa ameanguka kutoka mnazini. Mifupa ilishika, ila shingo haikurudi sawasawa, na kichwa chake hakikupata pa kulala. Alitaka mto mmoja tu, laini, wa kuipumzisha shingo ile.

"Kigoda hicho, mama, karibu ukae," nikamwambia.

"Nikukalie wewe?" akasema. "Nimekupangusa makamasi, leo nikulinde kama askari wa bomani? Mimi nakwenda Janga kumtazama mdogo wangu. Nitapita keshokutwa."

Akaenda zake. Nikabaki na gunia, na kigoda kitupu.

Nilitia mkono ndani nione tu. Mkono ulizama mpaka kiwiko, nikadhani nimeutia kwenye wingu. Nikasema moyoni, mimi nashonea watu mito mwaka wa tisa na kichwa changu kinalala juu ya matambara. Mungu anisamehe. Sufi ya Bi Mwajuma niliitia kwenye mto wangu. Wa kwake niliujaza usumba, yale manyuzi ya makumbi ya nazi, nikatandika sufi kidogo juu na kidogo chini, ili akibonyeza asijue.

Aliporudi kutoka Janga alibonyeza, akatabasamu. Akanitolea foronya aliyoitarizi kwa uzi mwekundu, iwe shukrani, pacha wa ile aliyoushonea mto wa mzee. Akaniombea dua: "Mwanangu, Mungu akupe usingizi kama utakaompa mzee wangu."

Ndugu zangu! Dua ile ilisikiwa. Ilitimizwa neno kwa neno, kuanzia usiku ule ule.

Niliweka kichwa juu ya mto laini kuliko yote katika Tanganyika nzima, na usingizi haukuja. Siku ya pili haukuja. Wiki ya pili haukuja, hata miezi ikapita. Ile foronya ilikuwa na maneno mawili, LALA SALAMA, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shule ya usiku, basi kila nikijigeuza nayasoma herufi kwa herufi. Hakuna mwanafunzi aliyepata mazoezi kama yale.

Nikasema, mimi ni fundi, nitajitibu kifundi. Nikashona mto wa shingo, mwembamba kama muhogo. Nikashona wa miguu, wa kiuno na miwili ya mbavuni. Nikashona kimto cha kukumbatia, nikakijaza mrehani mkavu ili harufu yake itulize moyo. Nikakata kaniki, nikafanya kitambaa cha kufunga macho. Nikakaza upya kamba za kitanda. Mwisho kitanda kilikuwa na mito saba na mtu mmoja aliye macho! Mke wangu, Eliza, alishuka akatandika mkeka chini.

"Baba Neema," akaniambia, "hiki ni kitanda, si duka. Wateja wakijua kwamba fundi wa mito anakesha kama bundi, nani ataleta gunia hapa?"

"Ni joto," nikamwambia.

"Joto gani? Kipupwe hiki watu wanajifunika!"

Mchana nikawa kituko. Nilipiga miayo mikubwa hata kuku wakadhani ni shimo, wakataka kuingia kutaga. Macho yalikuwa mekundu, lori likanipisha barabarani likidhani ni taa. Hayo ndiyo niliyozidisha. Hili silizidishi: siku moja nilisinzia kazini, nikashona mkono wa shati langu kwenye godoro la mteja, na mteja mwenyewe amekaa pale kigodani ananitazama. Wengine wakasema nina jini. Mimi nilijua jini langu lina rangi gani. Lilikuwa jeupe, nami nalilalia.

Ndipo akapita muuza mikeka kutoka Kisarawe. Nikamuuliza habari za Kibuta, nikifanya kama siulizi.

"Kibuta salama," akasema, "ila yule Mzee Pazi. Amedhoofika. Halali. Shingo imekaza, chakula hakimpiti. Watu wanasema hataiona masika."

Nikajichoma sindano kidoleni. Hata sikusikia maumivu.

Je, nilikwenda siku ile? Sikwenda. Nawaambia ukweli. Niliogopa uso wa Bi Mwajuma kuliko nilivyoogopa kaburi la mumewe. Siku nne nilikaa nikisema, nitakwenda kesho.

Jioni ya nne ilikuwa zamu yangu kusoma darasani. Mwalimu akanifungulia Maandiko, mahali pa yule kijana aliyemdanganya baba yake mzee na kumpora ndugu yake, akakimbia, usiku ukamkuta njiani hana kitu, akaweka jiwe chini ya kichwa. Nilisoma kwa kusukuma, neno moja kama gunia zima. Nilipofika kwenye jiwe, darasa likacheka.

"Fundi," akaita mmoja, "huyo mngekutana ungemuuzia mto!"

Wakacheka zaidi. Nikaendelea kusoma. Na yule mtu, juu ya jiwe lile, akalala. Alilala, tena Mungu akasema naye! Mimi nilikuwa na mito saba, na Mungu hakuwa akisema nami ila neno moja tu, kila usiku: rudisha.

Sikumaliza ukurasa. Nilikwenda nyumbani nikamweleza Eliza yote. Hakunikemea. Alisema tu, "Basi unangoja jogoo gani?"

Alfajiri nikadandia lori la mkaa mpaka Kisarawe, mto wangu umefungwa kwenye kanga ya mke wangu. Dereva akanitazama: "Bwana, unahama? Mbona umebeba cha kichwani tu, cha miguuni umeacha?" Kutoka Kisarawe nikashika njia kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natega sikio. Nikisikia vilio nitajua nimechelewa. Nilisikia mbuzi, nikakimbia. Nilisikia mwanamke akimwita mwenzake shambani, nikakimbia. Fundi wa mito, ndugu zangu, hakuumbwa kwa kukimbia.

Nilifika alasiri. Hapakuwa na vilio. Bi Mwajuma alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona unahema hivyo? Ingia umwamkie mzee."

Mzee Pazi alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa ukutani, mifupa mitupu. Kando yake ule mto, na foronya pacha ya yangu.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "mto wako huu ungekuwa wakati wa vita, tungejengea boma."

"Usimwudhi mgeni," Bi Mwajuma akamkatiza. Akanigeukia. "Kila siku nagombana naye. Yeye anasema mto, mimi namwambia ni shingo yako. Zakaria hawezi kunishonea kibaya."

Maneno yale! Afadhali angenipiga mchi. Miezi yote ile mimi nakesha juu ya sufi yake, yeye alikuwa akinitetea mbele ya mgonjwa wake. Nikapiga magoti palepale kwenye udongo, nikafungua kanga, nikasema. Nilisema yote, usumba na tabaka la sufi la juu na la chini, na muuza mikeka, na zile siku nne za woga. Sikumsingizia Shetani. Shetani hajui kushona.

Nikamaliza. Bi Mwajuma akachukua mto wa mzee, akaubonyeza, safari hii kwa nguvu, mpaka chini. Akaufahamu. Uso wake ukabadilika, nami nikainamisha kichwa.

"Sindano unayo?" akauliza.

"Ninayo, mama."

"Kigoda kiko uani. Kashone."

Nikatoka. Nikakivuta kigoda, kisha nikatafuta kinu kilichopinduliwa nikakisogeza mbele yangu, awe na pa kukaa. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, safari hii kaa unitazame."

Alisimama akakitazama kile kinu. Akanitazama mimi.

"Nina kisamvu jikoni," akasema. "Kitaungua."

Akaenda jikoni, nyuma ya nyumba. Akaniacha peke yangu na sufi yake, mara ya pili!

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi ya msamaha, mengine marefu kama reli. Lakini mimi msamaha niliuona mgongo wake ukienda jikoni. Nilishona nikilia, mishono midogo ambayo sijawahi kushona kabla wala baada. Sikuacha hata unyoya mmoja wa sufi chini.

Tukamlaza Mzee Pazi, nikaupenyeza mto chini ya shingo taratibu. Akafumba macho. Nikaanza kumwomba radhi upya, kwa maneno mazuri niliyoyapanga njiani. Sikufika mbali. Mzee alikuwa anakoroma! Makuti ya paa yalitikisika. Bi Mwajuma akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza, sijui ni kicheko au kilio.

Nami nikatoka uani, nikaukusanya ule usumba, nikautia kwenye mfuko wa mto wangu mtupu. Nikaweka kichwa nipumue kidogo kabla ya safari. Niliamka adhuhuri ya siku ya pili. Waliniambia kwamba mara tatu Bi Mwajuma alikuja kuniwekea kidole puani kuona kama napumua.

Mzee Pazi aliiona masika ile, akaiona na iliyofuata. Akafa kitandani mwake, amelala, kichwa mahali pake. Nilikwenda mazishini, na Bi Mwajuma aliniweka pamoja na wanawe.

Na mimi ninalala. Nalala juu ya usumba ule ule, nimeuleta leo, huu hapa, baada ya ibada mje muubonyeze. Ni mgumu kama kizingiti. Ile mito sita mingine niligawa, Eliza amerudi kitandani na sasa anayelalamika kukosa usingizi ni yeye, kwa mkoromo wangu. Dua ya Bi Mwajuma haikubadilika hata neno: Mungu amenipa usingizi kama niliompa mzee wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayekesha, mrehani sikukatazi, na mto mzuri nitakushonea. Lakini kwanza pasua mshono, tazama ndani umelalia nini. Ikiwa ni cha mtu, usihesabu siku nne kama mimi. Kibebe, uende nacho. Mwombe Bwana akutangulie njiani, kwa maana atakutangulia, mimi nilimkuta amefika Kibuta kabla yangu. Jina lake litukuzwe kwa walio macho na kwa waliolala. Amina.