Amani kwa Mukono wa Kushoto

Ndugu zangu wa shirika, wengi wenu mulinijua kama ule binti wa Bagira mwenye kiburi. Leo nataka kuwaeleza kile kiburi kilitoka wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nacheza basketi. Siku moja niliruka kuchukua mupira, mutu akanivuta mukono, bega la kuume likatoka mahali pake. Hospitalini walilirudisha, wakanifunga mukono kifuani na kitambaa, wakasema majuma sita bila mupira. Maman akaongeza yake: "Likitoka tena, basketi iko mwisho. Umesikia?"

Nilisikia vizuri. Lakini juma la tatu nikafungua kile kitambaa, nikarudi uwanjani, sababu niliogopa kupoteza nafasi yangu. Bega likatoka tena. Kisha likawa linatoka hata nikianika nguo. Nilijifunza kulirudisha peke yangu, mulango umefungwa, nimeuma shuka. Watoto, musiige ule ujinga.

Sasa munajua, kwetu hatumupe mukubwa mukono wa kushoto. Ule wa kuume niliogopa kuunyoosha, na nikisema sababu, maman angejua. Basi nikasalimia na kushoto. Papa mumoja, baba muzima wa hapa shirikani, alirudisha mukono wake mufukoni. Wenzangu wa ekipe ya basketi walisema nimewachoka. Kwa misa nikahamia benchi ya mwisho, ili padri akisema tupeane amani, nisikuwe na mutu pembeni. Ndugu zangu, nawaambia, kanisa lilijaa na mimi nilikuwa peke yangu.

Jumapili moja, maman mumoja alichelewa, akaketi karibu yangu. Saa ya amani nikaangalia chini. Yeye akaninyooshea mukono wake wa kushoto. Mutu muzima, kwa mutoto kama mimi.

"Hata alama ya musalaba unafanyaka na kushoto," aliniambia polepole. "Ule mwengine unauma tangu lini?"

Nililia mpaka komunyo ikapita.

Tulienda naye nyumbani kumuambia maman yangu. Nilingoja kelele, lakini maman alinishika tu ule mukono. Kisha ikawa miezi ya mazoezi kwa muganga wa viungo, mpaka bega likakaa mahali pake. Basketi sikurudia, na bado inaniuma moyoni, sitawadanganya.

Aksanti kwa wale mamans wawili, na kwa ule muganga. Wazazi, mutoto akiumia, mumuulize kwanza, mbele ya kumutisha.

Tukimaliza sala, musiondoke haraka. Nitapita kwa kila mutu kumupa amani, na mukono wa kuume. Papa wa mufukoni, nitaanzia kwako.