Fundi Herieli, Aliyepiga Window Kwelikweli

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Fundi Herieli Tluway anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Mtakuja, hapa Mutuka, kwa miaka ishirini na sita. Anaondoka na vidole vyake vyote kumi. Kwa mtu aliyeshinda akikata chuma hilo si jambo dogo, na tunalitaja mwanzoni kabisa kwa sababu ameomba litajwe.

Alifika mwaka 1999 akitokea Mbulu, akaajiriwa kutengeneza milango na magrili. Karakana yake ilikuwa stoo ya saruji: kuta nne, mlango mmoja, dirisha hakuna. Aliambiwa ni kwa muda tu. Tangu hapo, kila kikao cha wafanyakazi kikifika kwenye mengineyo, Fundi Herieli, au Baba Marietha tunavyomwita, alisimama kuomba karakana ifunguliwe dirisha, na kila mara alijibiwa kwamba limo kwenye mpango wa mwaka ujao. Ilifika mahali akisimama tu watu wanaanza kukusanya kalamu na mikoba, maana wanajua kikao kimekwisha.

Wageni wetu watajiuliza mtu wa magrili aliingiaje kwenye kompyuta. Aliingia kwa kusikia vibaya, au kwa kusikia vizuri mno, mtaamua wenyewe.

Mwaka 2009 kompyuta ya ofisi ya taaluma ilianza kusumbua. Lile kasha lake, ambalo sisi wote hapa tunaliita sipiyu, ukiliwasha linachemka na kuzima. Mwalimu Filbert wa somo la kompyuta akaona dawa yake ni kupigwa window, yaani kufuta vilivyomo na kuingiza upya programu inayoiendesha mashine. Lakini siku hiyo alikuwa anawahi msiba Bonga na pikipiki ilishamsubiri vya kutosha. Akaiweka sipiyu juu ya meza ya Fundi Herieli, ili Alois, fundi kompyuta wa mjini, aipitie hapo. Kwa haraka zake hakumtaja Alois. Alisema tu kwamba hiyo inachemka mno, ipigwe window, iwe tayari Jumatatu. Akapanda akaenda zake. Alois naye hakutokea.

Fundi Herieli alisikia kazi, na kazi ilikuwa dirisha. Alishangaa kidogo, lakini mtu aliyetokwa jasho miaka kumi kwenye stoo isiyo na dirisha alimwelewa mgonjwa wake mara moja. Akaanza kama anavyoanza kila anayetoboa ukuta wa nyumba inayokaliwa: vyombo vitoke kwanza. Alilegeza skrubu, akatoa kila kilichomo, akakipanga juu ya kitenge cha mkewe, Mama Marietha, ili unga wa chuma usikiingie. Akabandika selotepu ubavuni mwa kasha, akachora kwa penseli, akatoboa pembe nne kwa drili, ndipo akapitisha msumeno. Akapiga tupa mpaka kingo zikawa laini, akazivisha mpira wa mlango wa gari. Na kwa kuwa kazi ni kazi, akafungia na kigrili kidogo cha maua, kama vile vya sebuleni, kisha akarudisha kila chombo mahali pake.

Jumatatu Mwalimu Filbert alipoiona alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliiwasha ili ushahidi ukamilike kabla hajamwita Mama Ursula, Mkuu wa Chuo. Ikawaka, na ikaendelea kuwaka mpaka jioni. Ndipo akakumbuka kwamba alama zote za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zilikuwa humo na hakuwa amezinakili popote. Window ingepigwa alivyotaka yeye, zingefutika zote, na vijana wale wangerudia mitihani. Alikaa chini akaomba maji. Mama Ursula alipofika alimkuta amemshika Fundi mkono, hamwachii.

Wapo waliotaka kumfanya Fundi Herieli nabii. Yeye mpaka leo anakataa. Anasema hakujua lolote, aliambiwa akate dirisha akakata dirisha.

Habari zikatembea mjini, na watu wakaanza kuleta sipiyu zao. Wengine walitaka tundu la feni kwa sababu ya joto na vumbi letu, vijana wakataka kioo ili taa zionekane ndani. Mzee Parsitau, mwenye duka la dawa za mifugo, alitaka dirisha lake likatwe kwa umbo la chapa ya ng'ombe zake, ili mashine ikiibiwa ijulikane ni ya boma gani. Ilikatwa, ikapendeza, na haijaibiwa. Mudy wa kibanda cha gemu kule Maisaka yeye aliagiza kichwa cha simba. Msumeno ulikataa kona mbili tatu, na kilichotoka kilikuwa na ndevu na pembe. Mudy alikitazama sana, akasema poa tu. Leo ukitaka kwenda kwake mwambie bodaboda akupeleke Kwa Beberu. Fundi hapendi kukumbushwa, ndiyo maana tumekumbusha.

Hata hivyo kinyozi hajinyoi. Mtu aliyezipa hewa sipiyu za mji mzima alibaki kwenye stoo yake akimeza unga wa chuma. Kikohozi kilianza kidogokidogo, na mwaka jana kikamlaza. Daktari alimwambia atoke kwenye vumbi. Alitoka wiki mbili, akarudi. Kilichomtia hofu zaidi ni Nosim, fundi mwenzake atakayemrithi. Mwezi wa tatu Nosim naye alianza kukohoa, kikohozi kilekile, na Fundi Herieli akakitambua kabla mwenyewe hajakitambua.

Basi kamati ya kuaga ilipomtangazia zawadi ya seti ya makochi, mzee wetu mpole akagoma. Alisema makochi hayataki, anataka ukuta ufunguliwe, na bila hivyo funguo ya karakana hamkabidhi mtu. Afadhali aondoke nayo Bonga, anakohamia, kuliko kumfungia binti wa watu humo. Hatukuwahi kumwona hivyo. Mama Marietha, ambaye alishahamisha kabati kupisha makochi, hakuzungumza naye siku nzima. Kesho yake akaja mwenyewe kwa Mama Ursula, akasema hela ya makochi inunue matofali na nondo.

Jumanne ukuta ulikatwa, na aliyekata ni yeye. Alitoa vyombo vyote kwanza, akavipanga nje juu ya kitenge. Akabandika selotepu, akachora kwa penseli, nasi tukasimama uani. Tofali la kwanza lilipodondoka, mwanga uliingia ndani na tukaona vumbi ambalo wenzetu wamekuwa wakilivuta, likielea. Mimi ninayemgawia misumeno niliona aibu, na sikuwa peke yangu. Tundu lilipokamilika, Mlima Kwaraa ulikuwa pale pale mbele yake. Miaka yote ulikuwa nyuma ya ukuta ule. Alisimama akautazama, akafuta uso kwa kitenge, kisha akamwita Nosim, akampa funguo.

Baba Marietha, ahsante kwa kazi ya mikono yako na kwa ukaidi wako wa mwisho. Mungu akujalie uzee wa raha kule Bonga, kifua kipone, mahindi yastawi. Mama Marietha, makochi tutachanga upya, tumeahidi. Nosim tangu Jumanne anafanya kazi akiimba. Vyombo vimetoka, window imepigwa. Sasa na wewe pumua, baba.

Edda, mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako