Batt Curran na Msemo wa "Huku Hakugandi"

Ijumaa ya tarehe 28 Machi, Bartholomew Curran atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya kutumikia gereji yetu ya kijiji cha Kilcarrow, Ireland, kwa miaka thelathini na minane. Jina hilo refu hulitumia mkewe tu, Eily, na ni pale anapokuwa amekasirika. Sisi wengine tunamwita Batt.

Alikuja hapa kutoka kwenye malori ya maziwa, wakati bosi alikuwa baba wa Dónal, bosi wetu wa sasa. Amefunga injini ambazo viwanda vyake vimeshasahaulika. Amevuta magari kutoka mitaroni, kutoka ufukweni, na mara moja kutoka kwenye bustani ya padri, jambo ambalo padri ameomba tusilieleze zaidi. Lakini atakumbukwa zaidi kwa Oktoba zake.

Kila Oktoba Batt aliwataka watu wa Kilcarrow walete magari yao yaandaliwe kwa majira ya baridi. Ni kazi ya kuchosha, na uchovu wake hautoki kwenye spana. Unatokana na watu. Hapa kwetu baridi maana yake ni mvua. Ikinyesha rasharasha tunasema siku ni laini, na maua hubaki kwenye ua hadi Desemba. Kwa hiyo ukimwambia mtu aandae gari, jibu ni lilelile ambalo babu yake alilitoa: "Huku hakugandi."

Na ni kweli, hakugandi, mpaka siku kunapoganda. Asubuhi hiyo rejeta iliyojazwa maji ya bomba mwaka mzima hupasuka. Betri iliyozeeka polepole, bila mtu kujua, hukataa katakata. Tairi zenye kipara huteleza hadi kwenye kuta za mawe. Tena kwa kuwa hakuna aliye na kitu cha kukwangulia barafu kiooni, kijiji kizima hutoka nje na mabirika. Maji ya moto yakigusa kioo kilichoganda, kioo hupasuka kutoka kona hadi kona. Kisha simu ya gereji huanza kulia.

Batt alizoea kusema kwamba birika limevunja vioo vingi Kilcarrow kuliko mawe. Basi kila Oktoba alipima betri, akabadilisha waipa, akatia dawa ya kuzuia kuganda kwenye rejeta na kwenye maji ya kuoshea kioo, akaosha chumvi ya bahari chini ya gari, na kumpa kila mteja kikwangulio cha plastiki bure. Wengi walivitumia kukwangulia sufuria.

Mgumu kuliko wote alikuwa Bibi Bridie Galvin, aliyekuwa karani wa posta kabla hajastaafu. Alipita mbele ya gereji kila siku, na kila Oktoba Batt alimwita. "Batt mwanangu," alimjibu safari moja, "unaniuzia mwavuli jangwani." Batt hakuinua hata kichwa kutoka kwenye injini. "Mwavuli ni bure, Bibi Galvin. Utakachonunua ni kioo." Alikinunua, tena zaidi ya kimoja, na bado hakuja.

Oktoba iliyopita alikuja. Figo za Eily zilikuwa zimeshindwa kazi, na Batt alikuwa akimpeleka hospitali ya Tralee kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa barabara ya mlimani. Siku za kazi alirudi mchana na kulala chini ya magari ya watu. Dónal alimwomba apumzike, naye akasema atapumzika Oktoba ikiisha. Bibi Galvin alileta gari lake, akasema amekuja ili tu Batt anyamaze. Betri yake ilikuwa imekufa nusu. Batt aliibadilisha, akafanya mengine yote, akamwekea kikwangulio mlangoni. Kilikuwa cha mwisho.

Gari la Batt mwenyewe halikuguswa. Alisema atalifanyia kazi wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa na wateja. Wahenga husema mganga hajigangi. Eily alipomkumbusha, alimjibu akiwa amefumba macho, chai mkononi: "Huku hakugandi, mke wangu."

Jumamosi moja ya Januari kuliganda. Gari la Batt lilikuwa jeupe lote, Eily alikuwa mlangoni na blanketi lake, na kikwangulio hakikuwepo. Batt aliingia jikoni, akatoka na birika.

Alipopiga simu gereji, mimi ninayepokea simu siku za Jumamosi sikuitambua sauti yake mwanzoni. Kioo kilikuwa kimepasuka upande wote wa dereva. Eily hawezi kukosa mashine, akiikosa maji humjaa kifuani. Basi la Tralee hupita mchana. Dónal alikuwa ameondoka na gari la kuvuta, yuko mbali, kwa watu wa "huku hakugandi".

Bibi Galvin alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Alikuja kutamba kwamba gari lake limewaka mara ya kwanza. Alisikiliza, akaniuliza ni nani anayepiga, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa ameshika funguo.

Aliwafuata nyumbani kwao; garini mwake Eily alikaa mbele, Batt nyuma. Hakuna aliyetaja birika mpaka walipofika juu mlimani. Hapo Bibi Galvin alimtazama Batt kwenye kioo cha kutazamia nyuma. "Batt mwanangu," alisema kwa upole, "huku hakugandi, sivyo?" Eily alicheka hadi blanketi likamponyoka. Batt anasema alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu kiangazi. Waliwahi mashine.

Jumatatu alitusimulia yote mwenyewe, kisha akamgeukia Dónal. "Nimechoka, bwana. Fundi akianza kusema maneno ya wateja, aweke spana chini." Dónal alimsihi abaki hadi Oktoba. Batt alitikisa kichwa tu, akaenda kunawa mikono.

Kioo kipya tumekwisha kukiweka, na hatutaki kusikia habari za malipo. Vikwangulio vimeagizwa. Oktoba ikifika, gari la kwanza kupanda jeki litakuwa la Batt. Akisema huku hakugandi, tutamtuma Bibi Galvin akalichukue.

Asante, Batt, kwa kila asubuhi ambayo magari yetu yaliwaka nasi tukadhani ni bahati. Sasa lala. Tunawaombea wewe na Eily siku laini nyingi, na birika lenu lisiwe na kazi nyingine ila chai.