Ala ya Sita ya Fundi Kushoto

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na wageni mliotajwa kwenye ratiba, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, fundi cherehani wa duka la kona. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliniomba wasifu huu nimpelekee kwanza aupitie. Sikumpelekea. Niliupeleka mwenyewe kwa mchapaji, nikasimama pale pale mpaka karatasi ya mwisho ikatoka. Kaka alitaka kifo kiandikwe kwa sentensi moja: "Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Nitaandika kuugua, lakini nitaandika pia aliugulia wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha viatu, chumba namba kumi na mbili, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda, na mama alifua makoti ya wafanyakazi. Mama alikuwa akisema mtoto huyu aliijua harufu ya ngozi kabla ya kuijua harufu ya maziwa. Alikuwa mpole kupita kiasi. Nikipigwa na wenzangu nilikimbia kumwita kaka mkubwa, maana huyu angekwenda kuwauliza wamekasirikia nini.

Alianza shule ya msingi Januari 1974 na kumaliza 1980. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, kisha baba akaugua macho na mshahara wa geti ukakoma, naye akaacha ili mimi niendelee. Sikumwomba. Walimu walimwona mzito, na hapa naomba niwasahihishe hata kama wengi wao wametangulia. Ukimweleza jambo mara kumi lilipita sikio hili likatokea lile. Ukimwonyesha mara moja kwa mikono, ameshakuibia ufundi wako. Mwalimu wa ufundi peke yake ndiye aliyelijua hilo, na kigoda ambacho marehemu alimtengenezea mwaka 1979 bado kiko nyumbani kwake.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa kiwandani, idara ya kukata ngozi, akakaa kwenye mashine ile ile miaka thelathini na mitatu. Hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kupandishwa cheo. Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 2018. Walimpa cheti na saa ya ukutani, na saa yenyewe ilisimama kabla mwaka haujaisha.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1991, na msichana wa idara ya kufungasha, ambaye leo ni mjane aliyekaa hapa mbele. Alimchumbia kwa viatu. Aliutazama unyayo wake kwenye vumbi la ghala, akaenda kukata ndara bila kumuuliza namba, na ndara zikamkaa kama amezaliwa nazo. Wifi yangu anasema alikubali kwa sababu mwanaume anayejua mguu wako kwa kuutazama tu chini hatakusumbua kwa maneno. Kweli hakumsumbua. Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa muuguzi na mdogo fundi umeme.

Sasa nakuja kwenye kazi iliyomwua, au tuseme kazi ambayo wengine waliitumia kumwua.

Mwaka 2021 binti mkubwa alimnunulia simu ili azungumze na wajukuu. Wajukuu aliwapa dakika tano. Muda uliobaki alikuwa akimtazama mtu mmoja kwenye mtandao anayefundisha kushona ala za bastola, ile mifuko ya ngozi inayovaliwa kiunoni. Mtu huyo hakuwahi kuonyesha uso, ilionekana mikono tu juu ya meza, na kaka akambatiza Mwalimu Mikono. Lugha aliyoizungumza mwalimu huyo, kaka aliielewa nusu, na hiyo nusu nasema kwa heshima ya marehemu. Alitazama dakika moja, akairudisha, akaitazama tena, akaganda. Wifi alilalamika kwangu: "Mume wangu ameoa simu. Mimi nimekuwa mke mdogo."

Nami nilimcheka. Nilimwambia mtu mzima hafundishwi kazi na viganja. Alinijibu, "Mdogo wangu, uso wa mwalimu ulinifundisha nini shuleni?"

Ala ya kwanza alikata sentimita tisa pale Mwalimu Mikono aliposema inchi tisa. Ilitosha kitana. Wifi anakitia kitana chake humo mpaka leo. Ya pili ilikaa kwenye maji kupita kiasi ikalegea kama kitambaa cha deki. Kwa ya tano ndipo nilipoacha kumcheka. Mimi nimeshona miaka thelathini, naujua mshono, na ule ulikuwa mshono. Alinionyesha anavyopitisha sindano mbili kwenye tundu moja, moja ikitoka huku na nyingine kule. "Huu wako wa cherehani," akaniambia, "ukikatika uzi mahali pamoja unafumuka wote. Huu, ukikatika uzi mmoja, wa pili unashika." Niliudhika wiki nzima kwa sababu alisema kweli.

Mwishoni mwa 2023 kampuni moja ya ulinzi ikataka ala sita za walinzi wake wa benki, waliokuwa wakichomeka bastola kwenye suruali kama vitana. Barua ya kuomba kazi hiyo, ambayo nakala yake marehemu aliiweka kwenye droo, iliandikwa na kaka yetu mkubwa, kwa kompyuta ya ofisini kwake, kwa Kiswahili kizuri sana. Ishikeni barua hiyo, nitaiulizia baadaye.

Marehemu alizishona zote sita na kuzipeleka. Msimamizi akazitazama, akamwita mlinzi mmoja avae, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Zote zilikuwa za kuvaliwa kushoto. Mwalimu Mikono, kumbe, ni mtu wa mkono wa shoto, na kaka yangu alikuwa amemwiga kila kitu alichofanya, tundu kwa tundu, miaka miwili, bila kujua. Msimamizi alikuwa muungwana. Akamwambia, "Fundi, ufundi nimeuona. Rudi ukanishonee za kulia." Mtaa mzima ukapata habari kabla hajafika nyumbani, na kuanzia siku hiyo akawa Fundi Kushoto. Alilipenda jina hilo kuliko cheti cha kiwanda.

Alizitundika zile sita ukutani, akaanza upya. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maneno ya mtaani yalipozaliwa. Ala haikai vizuri mpaka ngozi iloweshwe na kufinyangwa juu ya bastola, ikaukie hapo. Mwalimu Mikono alikuwa na bastola ya plastiki ya kufundishia. Kaka hakuwa nayo, wala bastola ya kweli hakuwahi kuishika. Akachonga ya mti. Ilipoloweshwa ikavimba, akachonga nyingine, na hii akaipaka rangi nyeusi ya viatu na vanishi juu yake isinywe maji. Akaiweka dirishani ikauke. Kaka mkubwa alipita asubuhi hiyo, akaichukua, akajifanya kunilenga mimi, tukacheka wote watatu.

Mpita njia aliiona akaripoti polisi. Simlaumu. Kutoka barabarani hata mimi ningeogopa.

Ninaowalaumu ni waliokuja. Alhamisi, tarehe 15 Februari 2024, saa nne asubuhi, askari sita waliingia chumba chenye meza moja na simu moja. Askari wa kwanza aliishika ile bastola na, kwa uzito wake tu, akajua ni mti. Nilikuwepo, niliona uso wake. Kaka alisema, "Afande, hiyo ni mti. Mimi ni fundi. Barua ya kazi iko kwenye droo." Hakuna aliyefungua droo. Walichukua mti, simu, na zile ala sita ukutani, wakaziita vielelezo. Kaka mkubwa alifika wakati wanampandisha garini. Mkuu wa kituo, aliyesimama kando ya gari, akamuuliza, "Huyu ndugu yako anatengeneza nini humo ndani?"

Mwandishi wa barua akajibu, "Sijui, afande. Nyinyi chunguzeni tu."

Uzi mmoja ulikatika siku hiyo, na wa pili haukushika. Kaka mkubwa, najua una kazi ya ofisi na unaogopa kuipoteza. Najua uliogopa. Lakini ulihitajika kusema sentensi moja, na wewe ndiye mtu wa sentensi katika familia hii.

Marehemu alikuwa na pumu tangu utotoni. Dawa yake ya kuvuta ilibaki kaunta ya kituo, pamoja na mkanda na viatu. Nilienda mara tatu kuomba apelekewe, na mara tatu niliambiwa nirudi baadaye. Alilala siku nne kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa na maji. Jumatatu, tarehe 19, waliniambia amejulikana hana kosa, nimchukue. Nikaomba karatasi inayosema hivyo. Nikajibiwa, "Mama, mtu wako si tumempa? Unataka nini tena?"

Nilitaka karatasi. Bado naitaka. Kwa sababu gari lililomchukua liliwaita watu wote madirishani, na miguu iliyomrudisha haikuonwa na mtu. Mtaani wakasema lisemwalo lipo. Walisema anawatengenezea majambazi silaha. Binti yake mdogo, fundi umeme, alifika kwenye nyumba aliyoitwa kutengeneza nyaya, akafungiwa mlango: "Wewe si binti wa yule wa bastola?" Akarudi na mkoba wake wa vifaa, akaukalia barazani mchana kutwa. Mume ameshalazwa, mtoto hana kazi, na wifi yangu akawa anaulizwa sokoni kama ni kweli. Msinipe pole tu hapa. Mkirudi mtaani, semeni mlichosikia.

Alilazwa tarehe 20 Februari kwa nimonia na akafariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba. Siku hizo kumi na nane hakumsema mtu vibaya, jambo lililonikera sana. Kaka mkubwa alipoleta blanketi na kulia mlangoni, marehemu aliliomba afunikwe nalo. Nikamwambia mimi ningelitupa. Akasema, "Mwache. Woga nao ni ugonjwa, na yeye hajalazwa." Kaka, yeye alikusamehe. Mimi bado, na nikikusamehe nitakuja nyumbani kwako mwenyewe nikuambie.

Siku mbili kabla hajatuacha, kituo kilirudisha vitu. Aliniuliza, "Ala zimerudi ngapi?" Nikamwambia tano. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na nesi akanitazama kwa hasira.

"Ya sita usiisumbukie," akasema alipopata pumzi. "Aliyeichukua ni wa mkono wa shoto. Huyo hajawahi kupata ala inayomfaa maisha yake yote."

Juzi Jumanne, mkuu wa kituo alikuja nyumbani kutoa pole. Alisaini kitabu cha rambirambi kwa mkono wa kushoto. Alipoinama kuandika, koti likafunguka, na kiunoni mwake, upande wa kushoto, niliiona. Kona ya chini, mishono mitatu imerudiwa, kwa sababu uzi ulimwishia kaka pale pale nami nilikuwa nimemshikia taa. Nimeshona miaka thelathini. Sikosei mshono wa mtu, sembuse wa ndugu yangu.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mimi. Ameacha kitana ndani ya ala yake. Ameacha ala tano za kushoto, ziko nyumbani ukutani, na yeyote anaweza kuja kuzitazama akahukumu kama ni kazi ya jambazi. Ya sita imekuja mazishini, au kama leo imeachwa nyumbani, basi aliyeiacha amejua kwa nini.

Ratiba mliyoshika inasema, baada ya wasifu wa marehemu, ni salamu za mkuu wa kituo. Afande, kama hicho ni kielelezo cha uhalifu, kivue ukirudishe kabatini. Kama ni kazi halali ya fundi halali, waambie hapa, mbele ya mabinti zake na mtaa wake. Sentensi moja inatosha, na mimi sitoki hapa mpaka niisikie.

Fundi Kushoto, kaka yangu, apumzike kwa amani. Afande, kipaza sauti hiki hapa.