Agustino wa Gitaa Anarudi Mgeta

Ndugu yetu Agustino Kasiani ametumika katika nyumba hii ya wageni, hapa Morogoro, miaka kumi na saba, na tarehe thelathini Juni 1913 anapumzika kazi. Naandika mimi Mikidadi, mpishi, kwa sababu hakuna aliyemtangulia hapa ila mimi, wala hakuna apikaye kama mimi kutoka hapa hadi Bagamoyo. Herufi zangu zimepinda lakini zinasomeka.

Alishuka kutoka kwao Mgeta, huko milimani, akawa mchota maji, enzi wageni walipokuja na wapagazi, reli bado. Gitaa alifundishwa na Mgoa mmoja fundi cherehani, ambaye alipohama alimwachia. Nyuzi zilipokatika, Agustino alisokota utumbo wa mbuzi kutoka jikoni kwangu, na wageni hawakujua. Garimoshi lilipoanza kufika, watu walishuka wakiuliza, "Yule wa gitaa yupo?" Chakula changu waliuliza baadaye, na hilo sijamsamehe.

Sasa kuna ya aibu. Nimeambiwa niyaruke. Siyaruki.

Masika ya mwaka juzi, jioni, ililetwa habari kwamba mama yake, Mama Magdalena, amefariki. Ukumbi ulikuwa umejaa Wazungu wanacheza. Bwana mwenye nyumba akasema, "Piga kwanza, utakwenda kesho." Agustino akapiga ule wimbo wao wa kuzunguka, machozi yanadondokea gitaa. Sisi wote wa jikoni tulijua, na hakuna aliyetoka kusema neno. Asubuhi mito imefurika. Alipofika Mgeta mama ameshazikwa, na dada yake Paskalia hakumfungulia mlango. Tangu hapo hajapanda tena, na wimbo ule hajaugusa. Chumvi aliyokuwa akimtumia dada yake ilirudi vilevile na wauza mboga.

Basi mtu kama huyo anastaafu, aende wapi? Akasema atapanga chumba mjini. Mluguru mwenye shamba la mama yake, apange chumba!

Mimi ni mtani wa ukoo wao, na kazi ya mtani kilioni ni kutukana mpaka wafiwa wacheke. Mwezi huu nilipanda mwenyewe. Vijana wa jikoni waliofuatana nami niliwaacha njiani wanahema. Paskalia alinipokea uani: "Mtani gani wewe, unafika kilio kimeshaota majani?"

Nikamjibu, "Nilingoja mshibe, walafi nyie! Na huyo marehemu wenu alikuwa mchoyo hata wa moshi!"

Majirani wakaangua kicheko. Paskalia naye akacheka, akakaa chini, akalia. Kisha akasema, "Mwambie kaka aje. Aje na ule wimbo aliowapigia Wazungu, aupige kaburini kwa mama, na sisi tuusikie."

Nilipomfikishia, Agustino alijifunika uso. "Mzee Mikidadi, mwingine wowote, si huo. Nauonea haya." Siku kadhaa gitaa lilikaa ukutani. Leo alfajiri nimemsikia nyuma ya jiko anautafuta, anakosea, anarudia.

Agustino, ahsante kwa kutuchangamsha miaka yote hii. Nenda ukaishi kwa raha katika shamba la mama yako, na afya iwe nawe. Tunapanda pamoja, jiko zima. Ukishamaliza kupiga, sisi tulionyamaza jioni ile tutabaki tumesimama palepale mbele ya Paskalia, atutukane na sisi, na matusi hayo yasiwe ya utani.